Siku Ambazo Mzee Kiza Hayupo Nyumbani

Mzee Kiza hakuwa mzee, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na wasomaji, kwa ajili ya riwaya zake za kutisha ambazo watu walizisoma huku wamefunga milango, kisha wakamlaumu kwa kukosa usingizi. Naye alilipenda. Mwanamume wa miaka arobaini na saba, mwenye kitambi cha kuanzia na hofu kubwa ya mende, akaitwa Mzee Kiza mbele ya ukumbi uliojaa watu, ni nani angekataa?

Mwaka ule mambo yalikuwa yamemnyookea. Riwaya mpya ilikuwa inatoka mwezi wa tatu, mkusanyiko wa hadithi fupi mwezi wa saba, na kila mwezi toleo moja la kitabu cha katuni kiitwacho "Bibi Mlangoni". Yeye aliandika maneno, rafiki yake Wino akachora. Bibi Mlangoni alikuwa kikongwe aliyeketi kwenye kiti mlangoni pake na kuwazuia wafu wasiingie mjini. Silaha hana. Ana ulimi tu, lakini mfu akikutana na ulimi ule anajuta kufufuka. Watu walimpenda kikongwe huyo kuliko mtu mwingine yeyote aliyewahi kutungwa na Mzee Kiza, wakavaa hata fulana zenye sura yake.

Mchapishaji wake, mama mmoja asiyeacha nafasi impite, alimshauri aweke kila kitu kwenye ukurasa wake wa mtandaoni: vitabu vinavyokuja, mikutano na wasomaji, mahali, saa ya kuanza na saa ya kumaliza.

"Msomaji akijua uko wapi, anakuja," alisema. "Asipojua, analala kwake."

Mzee Kiza akaweka. Maktaba, Jumatano, saa nane hadi saa kumi na moja. Maonyesho ya vitabu, Jumamosi, saa nne hadi saa tisa. Na chini ya ratiba, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutania hata pasipohitaji utani, akaandika: "Siku hizo msinitafute nyumbani, sipo."

Nyumbani alikuwa akiishi na mama yake, wawili tu.

Mama alikuwa na miaka themanini na moja, na kumbukumbu zilikuwa zinamtoka kidogo kidogo. Siku nyingine alimjua mwanawe na kumgombeza kwa kukonda, ilhali hakukonda. Siku nyingine alimkaribisha kama mgeni na kumwuliza ametoka wapi na wazazi wake hawajambo. Mzee Kiza alimpenda mama yake. Nalisema wazi mapema, asije mtu akadhani vingine. Alimwosha miguu, alimkata kucha, alivumilia kisa kimoja mara ishirini kwa siku na kucheka palepale pa kucheka. Lakini kazi ni kazi. Siku za mikutano alimwacha peke yake, mlango umefungwa kwa nje asije akatoka akapotea, na ufunguo wa akiba ameuficha kwenye kisanduku cha mita ya umeme ukutani. Fundi cherehani wa nyumba ya mbele alijua ulipo, likitokea la kutokea.

"Nenda zako, kaka," fundi alikuwa akimwambia kila mara. "Jicho langu lipo."

Asubuhi moja ya mwezi wa nne Mama alikunywa uji wake, akakunja uso.

"Huu hauna kitu. Ule wa jana ndio ulikuwa uji."

"Jana sikupika uji, Mama. Jana nilikuwa maktaba."

"Ulirudi mchana ukapika. Halafu ukanimenyea chungwa, ukanitolea na mbegu."

Hakubishana naye. Daktari alimwambia mtu wa namna ile habishiwi, anaitikiwa tu. "Haya, Mama," akasema, na akaongeza sukari.

Mwezi wa tano alirudi kutoka kwenye maonyesho ya vitabu, akachukua beseni na kikata kucha, akakuta kucha za Mama zimekatwa zote kumi, zimelainishwa na ncha. Akasimama pale na beseni lake. Kisha akajicheka. Bila shaka alizikata mwenyewe Ijumaa akasahau. Ugonjwa wa mama sasa unamwambukiza mtoto. Wiki mbili baadaye redio ya Mama, iliyokuwa bubu tangu mwaka juzi, ilianza kuimba. Redio kuukuu zina vichaa vyake, akajisemea. Mtu aliyewahi kuandika riwaya saba za mambo yasiyoelezeka alikuwa hodari kupita kiasi wa kueleza yale ya nyumbani kwake.

Mwezi wa sita alitangaza kwamba toleo la kumi la "Bibi Mlangoni" lingekuwa la kifo. Bibi anakufa. Mchapishaji alipiga makofi kabisa, kifo kinauza. Wasomaji wakaja juu. Walimtukana, walimbembeleza, mmoja akajitolea kufa badala ya Bibi. Ikaja hata barua ya karatasi, isiyo na jina, iliyosukumwa chini ya mlango wa ofisi ya mchapishaji: "Huna haki ya kumuua mtu usiyekaa naye." Mzee Kiza alimsomea Wino barua hiyo kwa sauti ya jini, wakacheka mpaka Wino akamwaga chai.

Uzinduzi ulipangwa Jumamosi, katika duka kubwa la vitabu katikati ya mji, saa nane mchana hadi saa kumi na mbili. Akautangaza kama kawaida, saa na dakika.

Jumamosi hiyo Mama aliamka mchangamfu. Alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, mtandio mabegani, akamtazama mwanawe akifunga vifungo vya shati.

"Leo unakuja saa ngapi?"

"Saa moja jioni, Mama."

"Si mchana?"

"Leo mkutano ni mrefu."

"Basi nitakusubiri mchana," alisema Mama, ameridhika. Mzee Kiza akambusu paji la uso, akafunga mlango, akahakikisha ufunguo wa akiba upo kwenye kisanduku cha mita. Ng'ambo ya barabara fundi aliinua mkono bila kuinua macho kwenye cherehani.

Dukani watu walikuwa wamepanga mstari hadi nje. Mzee Kiza na Wino waliketi meza moja, huyu anatia sahihi, yule anachora uso wa Bibi kwa mistari sita. Ilipofika saa tisa na nusu, binti mmoja mwenye miwani minene, mwanafunzi, akaweka mbele yao toleo la nne lililochakaa kwa kusomwa.

"Samahani, Mzee. Hii nyumba ipo kweli?"

"Nyumba ipi?"

"Hii ya Bibi. Kwenye kundi letu la wasomaji kuna mmoja anasema anaijua. Anasema anaingia mpaka ndani."

Mzee Kiza akatazama ukurasa ule, na hapa ndipo lazima niseme aibu yake. Ile ilikuwa mara yake ya kwanza kuutazama. Wino alipomletea kurasa za kukagua kabla ya kuchapwa, yeye alisoma maneno yaliyomo kwenye viputo vya mazungumzo tu. Alitafuta herufi iliyoruka na mstari uliokatwa vibaya. Picha aliona ni kazi ya mwenzake, na mwandishi kukagua picha ni kumwingilia mtu jikoni kwake. Miezi tisa alikuwa amevisoma vitabu vyake mwenyewe kama mtu asiye na macho.

Katika picha ile palikuwa na geti lake, lenye nondo moja iliyopinda. Palikuwa na kiti cha Mama, na mtandio wa Mama, na chini ya mtandio ule kidevu cha Mama. Kwenye picha ya tatu mkono ulikuwa unafungua kisanduku cha mita ya umeme, na ndani yake ufunguo umening'inia. Yeye katika mswada aliandika maneno matano tu: "Anachukua ufunguo mahali pa siri."

"Wino," akasema. "Umechora nyumbani kwangu."

"Sasa ningechora wapi?" Wino alishangaa. "Uliandika 'nyumba ya kawaida'. Nikachora ninayoijua. Nilikuuliza kabisa, nikakwambia, umeona nyumba nilivyoipatia? Ukasema safi sana."

Alisema safi sana. Alikumbuka kusema hivyo, kalamu mdomoni, akitafuta nukta iliyopotea.

"Huyo mwenzenu," akamgeukia binti, "anasema nini hasa?"

Binti alitoa simu yake. Aliyeandika alijiita Mlinzi wa Bibi, na maandishi yake yalikuwa yamepangwa kwa tarehe. Siku ya maktaba: "Leo nimempikia uji, amenisifu." Siku ya maonyesho: "Nimemkata kucha. Mwenye nyumba hana muda." Siku nyingine: "Redio imepona. Ameniita mwanangu mara nne." Chini ya kila moja, wasomaji walikuwa wamejaza vicheko na mioyo.

"Sisi tulidhani anatunga," binti alisema. "Tulidhani ni hadithi, kama zako."

Andiko la mwisho lilikuwa la asubuhi ileile. "Leo namhamisha Bibi. Chumba kiko tayari na kina dirisha kubwa. Kifo kikija na toleo la kumi hakitamkuta."

Mzee Kiza alimpigia fundi cherehani. Alibonyeza namba mara tatu ndipo ikaita.

"Nenda kwangu," akasema. "Nenda sasa hivi, mwangalie Mama."

"Mama?" Fundi alikuwa anatafuna kitu. "Mama ametoka na mdogo wako. Kama nusu saa hivi. Wewe si ndiye umemtuma na gari?"

"Sina mdogo."

Kutafuna kukakoma.

"Kaka, yule kijana mpole. Anakujaga na ufunguo wake, anafungua, Mama anamwita mwanangu. Tangu mwezi wa nne anakuja. Kila akija ananisalimu. Mimi nitajuaje, kaka?"

Wino alikwisha kusimama, anakwenda polisi na binti yule na simu yake. Mzee Kiza akaacha mstari wa watu umesimama na vitabu mikononi, akaingia kwenye gari la kwanza lililosimama. Njiani hakuwaza la maana. Alikuwa akihesabu. Maktaba mbili, maonyesho matatu, shule nne, redioni, kwenye klabu ya wasomaji. Siku kumi na moja. Siku kumi na moja alizozitangaza mwenyewe, zenye saa ya kutoka na saa ya kurudi, mtu mwingine alikuwa amekaa na mama yake. Mchuma janga hula na wa kwao, watu husema, na kila mtu hudhani anasemwa mwingine.

Fundi alikuwa amesimama getini, futi ya kupimia shingoni, analia waziwazi. Mlango haukuvunjwa. Ulikuwa umefungwa vizuri, na ufunguo umerudishwa ndani ya kisanduku cha mita. Ndani palifagiliwa. Vyombo vilioshwa. Dawa za Mama za presha zilikuwa zimechukuliwa zote, pamoja na karatasi ya daktari inayoonyesha ipi ni ya asubuhi na ipi ya jioni. Viatu vyake vya kufunika vidole vilichukuliwa, na soksi za sufu, maana Mama huona baridi ya miguu. Aliyefungasha alimjua vizuri. Hilo ndilo lililomkata Mzee Kiza maini: hakukuwa na kitu hata kimoja ambacho yeye angekumbuka na yule mtu akakisahau.

Kisha akaona kwamba simu haipo. Mama alikuwa na simu ndogo ya vitufe, anaifunga kwenye ncha ya kanga kiunoni, na hata akisahau jina lake haisahau. Mzee Kiza akapiga.

Iliita muda mrefu. Alikuwa amepiga magoti katikati ya sebule bila kujua amepiga magoti saa ngapi.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya Mama, imetulia, sauti ya mtu aliyeshiba.

"Mama! Mama, ni mimi. Uko wapi?"

"Mimi nani?"

"Mwanao, Mama. Mwanao. Nisikilize, tazama dirishani uniambie unaona nini. Mti? Barabara? Kuna duka? Niambie chochote, mama yangu."

Mama akasema pembeni, mdomo mbali na simu, "Kuna mtu hapa anasema ni mwanangu. Analia, maskini." Sauti ya mwanamume ikamjibu, ya chini, ya upole, isiyo na haraka hata kidogo. Mama akacheka. Akarudi kwenye simu, na kwa adabu ile ile aliyokuwa akiwapokea nayo wageni wasiojulikana, akasema:

"Umekosea namba, baba. Pole sana. Mwanangu ninaye hapa. Leo hana mkutano."

Alipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa.