Aliyepiga Simu

...na bado anasema "tukio", huyu kamanda wa polisi, tukio, kama bomba limepasuka, hasemi mtu, hasemi Thaddeus, amesimama mbele ya ukumbi wa kanisa, shavu lake jeupe limenyolewa likameremeta, kidole gumba kakichomeka kwenye mkanda, na Ernestine anaomba ajikwae kwenye waya wa kipaza sauti aanguke kifudifudi mbele ya watu weusi mia mbili, hilo tu, hataki zaidi... uongo, anataka zaidi, kaka yake amezikwa juzi na anataka zaidi. Foleni ya wasemaji haisogei, watu watatu mbele yake, wa kwanza Dada Odessa wa kwaya, na Thaddeus ndiye aliyekuwa akimpeleka mjukuu wa Odessa shuleni, miaka tisa kwenye basi la watoto bila kukwaruza hata taa, kabla sauti hazijaanza kumsemesha kichwani, na Odessa anauliza taratibu, "Kamanda, kikaango kinamuua nani?" Ukumbi unanguruma, kamanda anasema askari waliona kitu cha chuma, waliamuru kitupwe, hakikutupwa, walihofia maisha yao... wanne, na fulana za kuzuia risasi, wamhofie mtu mwenye soksi tupu kwenye theluji, na mwezi uliopita tu, ng'ambo ya reli, mzungu alipunga panga kituo cha mafuta wakambembeleza saa nzima, akaenda nyumbani akala chakula cha jioni. Ya Thaddeus ilikuwa saa nne asubuhi. Thaddeus alikuwa katikati ya barabara akipiga kikaango cha mama yao kwa kijiko, anawafukuza watu ambao hakuna mwingine aliyewaona, na Ernestine dirishani na simu, nipeni daktari, kaka yangu anaumwa, si mtu mbaya, na yule mwanamke wa namba ya dharura, sauti laini kabisa, ana silaha? hana, ana kikaango, ni mzungu au mweusi? mweusi, akasema, mweusi, akasikia vidole vikigonga kompyuta, akasema msije na bunduki, alisema mara tatu, au mbili... Risasi zilikuwa nne. Hajamwambia mtu. Sasa amesimama Renell, mwalimu anayeongoza maandamano, hangoji hata foleni, anasema, "Tunajua nani aliwaita. Wojcik wa duka la vyuma. Kesho tunaanzia mlangoni kwake," na watu wanaitikia ndiyo, kwake, kwake, na Ernestine naye moyoni anaitikia, kwa nini asiitikie, yule mzee wa Kipolandi aliyewafuata nyuma ya rafu maisha yao yote akihesabu misumari kwa macho, na ayaonje, na yeye asimame nyuma ya kioo chake mikono juu asijue kosa lake... asijue kosa lake. Kwa sababu hana. Hili hana. Anamwona Wojcik dirishani, anaona jiwe, na kesho kutwa kamanda huyu huyu mbele ya kamera akiwasikitikia wafanyabiashara, na jina la Thaddeus halimo tena, limefunikwa na vioo. Mama yao yuko safu ya mbele, kofia nyeusi, hajageuka. Baada ya mazishi alisema akiwa anapakua viazi, bila kupandisha sauti, aliyewaita wale mbwa Mungu asinionyeshe uso wake tena, kisha akamuuliza Ernestine kama anataka mchuzi, na Ernestine akasema ndiyo. Akala. Siku mbili anaila ile ndiyo. Na mama naye, nani alimwambia Thaddeus aache vidonge, aombe tu? wote, wote humu... lakini nilimwitia daktari, anajisemea, na kwa mara ya kwanza haisemi kama kujitetea, nilimwitia daktari, na polisi wana kanda ya simu ile, sauti yangu imo, mara mbili au tatu imo, waliambiwa ni mgonjwa wakaja hivyo hivyo, na kamanda hajaitaja kanda hata mara moja, na hataitaja, maana anajua hakuna wa kuidai. Wakisikia watamgeuka, Odessa, Renell, wote, mama kwanza. Odessa bado ameshika kipaza sauti, kamanda bado anasema tukio, wale watatu bado wako mbele yake, na maneno yote makali aliyomwandalia mzungu yule tangu jana yamemtoka, amebaki na moja tu la kuanzia, na si la kamanda. Mama.