Mkimbiaji wa Nne

Ramadhani ikiingia, nyumba ya Makungu pale Saltley, Uingereza, ilikuwa na saa moja tu ya kuaminika, nayo ni tumbo la Makungu. Alikuwa mtu mzima, fundi wa mashine katika kiwanda cha vitasa vya milango, mwenye heshima zake msikitini, lakini alasiri ikishapita hakuwa wa kusemeshwa. Alijikalia mkekani mapema, mikono kaiweka magotini, ratiba ya magharibi kaibandika ukutani sawa na macho yake, akingoja. Hata hivyo, wakati ukifika hakujichukulia mwenyewe. Tangu waoane huko Unguja, tende ya kwanza alipewa na mkewe, Mize, mkono kwa mkono, na yeye akampa Mize ya kwake. Hawakuwahi kufuturu mbalimbali hata siku moja, na Makungu alijisifia jambo hilo kiwandani hata kwa watu wasiojua futari ni kitu gani.

Sasa mwaka huo wa 2001 Mize akajitia kukimbia.

Mwanzo wake ulikuwa mzaha. Mize alikuwa mpishi katika shule moja ya msingi, na mwalimu mmoja wa pale, Paramjit, ndiye aliyekuwa kocha wa wanawake katika klabu ndogo ya riadha upande wa Aston. Siku moja Paramjit alimwona Mize akilikimbiza basi na mfuko wa mchele begani, na basi akalipata. Akamwambia miguu kama ile ni hasara kuimalizia kwenye mabasi. Basi mama wa watu, umri wake arobaini na ushei, binti yake Aida keshaingia chuo kikuu, akaenda kununua viatu vya misumari. Makungu alicheka mpaka akakosa mbavu. Alijua baridi itamrudisha nyumbani mbio.

Baridi haikumrudisha. Mbio za nyika za huko, ukitaka kujua vituko vya Waingereza, hupangwa makusudi katika miezi ambayo hata mbwa anaona uvivu kutoka nje. Ligi ya akina Mize ilianza Oktoba. Mara ya kwanza alirudi kalowa chapachapa, mara ya pili karudi na tope mpaka kwenye nyusi, na mara zote alirudi anacheka peke yake jikoni huku akikwangua viatu kwa kisu. Makungu hakwenda kumtazama hata mara moja. Alimwambia baridi ile si ya mtu mwenye magoti yake.

Kanuni ya ligi ilikuwa nyepesi. Timu ya wanawake huhesabiwa kwa watu wanne wanaomaliza, na wakimaliza watatu ni kama hamkuja. Klabu nzima ilikuwa na wanawake wanne tu. Mize ndiye wa nne, tena wa nne wa mbali, wenzake wakishavaa makoti yeye bado yuko mabondeni. Lakini mbio tatu zilikwisha na wote wanne wakamaliza zote. Ilibaki moja, Desemba, ndani ya Ramadhani. Ikikosa wanne, timu inafutwa, na viongozi wa klabu walikwishamwambia Paramjit kwamba hawatawaandikisha tena wanawake.

"Mama Aida, hii ya mwisho waachie," Makungu alimwambia. "Umefunga."

"Nikiwaachia, wa nne atatoka wapi?"

"Wanasema kuna mlima. Utaanguka, watu waseme mume wake alikuwa wapi."

Mize aliweka mwiko chini. "Baba Aida, mie nchi hii nimekaa miaka mingapi? Nikiumwa, jikoni wanamwita mwengine. Basi likinikosa linakwenda zake. Pahala pamoja tu ndipo nisipotokea watu wanakwama. Nami nisende?"

Makungu akatoka jikoni. Akampigia simu Aida amsaidie kumzuia mama yake. Aida alimsikiliza baba yake kwa Kiswahili mpaka akamaliza, kisha akamjibu kwa lugha yake aliyozaliwa nayo: "Dad, just let her run, yeah? And take a flask."

Basi Makungu akamwacha mkewe akimbie, na chupa ya chai akaibeba kama alivyoambiwa. Ndani yake alitia uji wa ngano wenye pilipili manga, na mfukoni akatia tende. Jumamosi hiyo walipanda basi mpaka mjini, wakachukua la namba hamsini mpaka Kings Heath, wakaingia kwenye bustani kubwa ya huko, penye mashindano. Hesabu yao ilikuwa nzuri. Wanawake wangekimbia mapema, na magharibi, ambayo Desemba huingia kabla ya saa kumi, ingewakuta wamekaa kwenye benchi, mke na mume, kama kawaida yao.

Lakini usiku ulikuwa umeganda. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu, na wasimamizi wakangoja ilainike, wakangoja tena, halafu wakaamua wanaume watangulie. Zamu ya wanawake ikasogea mpaka saa tisa kupita. Makungu alitazama saa yake, akautazama mlima. Jua lingemzamia Mize hukohuko juu.

"Wakati ukiingia, futuru," Mize alimwambia akimkabidhi koti. Alikuwa amevaa suruali ndefu, fulana ya klabu juu ya sweta, na mtandio kaufunga madhubuti kichwani. "Usinitie mawazo. Umesikia?"

"Haya," alisema Makungu. Aliitikia upesi kuliko alivyokusudia, maana njaa ilikuwa imemkaba. Hata hivyo alikwishapanga lake. Angesimama juu ya mlima, na Mize akipita angempa tende na uji hapohapo. Alijiona mwenye akili sana.

Bunduki ya kuanzia ikalia.

Makungu alikuwa akidhani ataona akina mama wanakimbia-kimbia kujipasha moto. Kilichomjia ni mamia ya wanawake kwa pamoja, na ardhi iliyoganda ikanguruma chini ya miguu yao hata akaisikia ndani ya soli za viatu vyake. Moshi wa pumzi zao ulipanda juu ukawafunika. Alipita msichana mwembamba damu inamtoka gotini na wala hajiangalii. Alipita bibi kizee, mvi tupu, mapaja mekundu kwa baridi, anawapita wajukuu. Mlima wote ulikuwa mweupe kwa sakitu, ule umande ulioganda, na jua, jekundu na kubwa, lilikuwa limekaa chini kabisa nyuma ya miti isiyo na jani. Makungu alisahau kufunga mdomo. Nyuma yao sana akamwona Mize, kakunja uso, hatua fupifupi, anakuja. Akapanda, akapita, akateremka upande wa pili. Ilikuwa mizunguko miwili, na huo ulikuwa wa kwanza.

Mzunguko wa pili wengi walipita, kisha wachache, kisha mmojammoja. Jua likazama. Makungu akatazama saa. Wakati umeingia. Akaitoa tende, akafungua chupa, akauinua mguu kuivuka kamba ya njia.

Mtu akamvuta koti kwa nyuma. Alikuwa Léocadie, Mkongo, wa tatu wao katika timu, aliyekwishamaliza na kurudi mlimani kajifunika blanketi.

"Non, papa! Usimupe kitu!" alisema kwa kuhema. "Ukimupa hata maji, batamutosha mu course, na sisi bote tumeisha!"

"Amefunga!"

"Najua, papa. Bote tunajua."

Kumbe msaada wa mtu wa nje ungemtoa Mize mashindanoni, na timu nzima naye. Makungu akaurudisha mguu. Alibaki na tende mkononi, uji unatoa moshi, na mke wake anatokea kule chini peke yake, katika mwanga uliobaki kidogo tu. Hakuwahi kujiona mtu asiyefaa kama dakika hiyo.

Mize alifika nusu ya mlima akateleza kwenye tope lililochimbuliwa na miguu ya waliotangulia, akaanguka kwa mikono. Akainuka. Akapiga hatua mbili, akasimama. Léocadie alijiziba mdomo kwa blanketi. Makungu aliona kwisha kazi.

Ndipo Mize alipoivuta ncha ya mtandio wake. Ilikuwa na fundo. Alilifungua kwa meno, kama bibi zake walivyokuwa wakifungua pembe za kanga kutoa sarafu, akatoa tende. Aliielekeza midomo yake mbinguni kidogo, ikachezacheza, na Makungu akajua dua gani. Akaila amesimama pale pale, peke yake, katikati ya mlima mweupe. Akaitema kokwa. Akaanza tena kupanda.

Alimpita Makungu karibu hata akaisikia pumzi yake, na hakumtazama. Macho yake yalikuwa juu. Makungu alimstaajabia mpaka machozi yakamtoka, na yalimtoka kwa haki. Miaka yote hiyo alidhani anamjua mwanamke huyu, anajua anavyolala, anavyokasirika, anavyotia chumvi, na kumbe alikuwa akiishi na mtu ambaye yeye hamfikii hata nusu. Alianza kukimbia naye, nje ya kamba, magoti yake na yote, uji ukimmwagikia suruali, akipiga kelele, "Twende, Mize! Twende, mama!" mpaka watu wakamgeukia. Hakuwaona.

Mwishoni pale, wasimamizi walikuwa wameanza kukunja vibao. Mize alipita katikati yao akayumba, akashika nguzo. Paramjit aliinua vidole vinne juu ya kichwa chake, akaviacha hapo, analia waziwazi. Wenzake watatu walimrukia Mize wakamkumbatia na tope lake.

Walipomwachia alimtafuta mumewe kwa macho. Alikuja, midomo imegeuka rangi, na kabla ya koti, kabla ya maji, akauliza, "Umefuturu?"

Makungu akatazama juu. Usiku ulikuwa umeingia, taa za barabara zimewashwa, na watu wa Saltley walikuwa wameshaondoa sahani. Akakifungua kiganja chake. Tende ilikuwa imo bado, imepondeka, imeshikana na nyuzi za glavu.

"Sijafuturu," alisema, na aliyeshangaa zaidi ni yeye mwenyewe. "Nimesahau."

Mize akamsogelea. Kisha akaichukua ile tende, akaitoa kokwa, akamtilia mdomoni kwa vidole vyake vya matope.

"Bismillahi," alisema.

Ilikuwa na udongo. Makungu akaitafuna taratibu, akaimeza na udongo wake.