Noeline Alivyomsingizia Queenie

Katika bonde la Oreti, kusini kabisa mwa dunia, ambako kulungu hufugwa kama ng'ombe, ndama akibaki yatima, watu hawakuulizana mara mbili. "Mpelekeni kwa Noeline," walisema, na shauri likawa limekwisha.

Noeline Strang alikuwa mwanamke wa miaka sitini na miwili, mwenye mikono mipana na sauti ndogo, na subira ambayo mumewe, Murdo, alisema yeye hajawahi kuionja hata kwa ncha ya ulimi. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akiwalea kwa chupa ndama ambao wenyewe walikwisha kuwahesabu maiti. Watoto wa shule waliletwa kuwatazama, naye aliwaambia maneno yale yale kila mwaka: "Ndama huyu hafi kwa njaa. Anauawa na haraka ya binadamu."

Mwaka ule, mwishoni mwa Novemba kulungu walipoanza kuzaa, alipata watatu: Maisie, Plum na Dot. Dot ndiye aliyekuwa mdogo wao, miguu kama njiti za kiberiti, mgongo una madoa meupe kana kwamba mtu alimnyunyizia unga. Juma hilo hilo jirani yake wa ng'ambo ya kijito, Hohepa Tiakitai, alikuja na kijibwa cha kiume ndani ya koti, kichwa tu kikichungulia.

"Dada Noeline, nimekuletea mkwe," Hohepa alisema.

"Mkwe gani anakojoa kwenye koti la mshenga?"

"Huyo ni mtoto wa Queenie. Mlee pamoja na hao wanao. Akikua na kulungu hatawatisha, na wao hawatamkimbia. Utapata mbwa wa kazi, si wa kubweka hovyo."

Hohepa alizungumza kwa ujuzi. Riziki yake ilikuwa mbwa. Wenye mashamba walimwita akawaswagie kondoo na kulungu kutoka milimani, na katika mbwa wake wote sita, Queenie ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia. Watu walisema Queenie anaweza kuingiza kulungu mia zizini bila hata mmoja kukurupuka.

Kijibwa kikaitwa Tam. Usiku wa kwanza kililia, wa pili kikajipenyeza kwenye majani makavu katikati ya ndama watatu, na tangu hapo hakikutaka kulala pengine. Noeline alipoleta chupa, wote wanne walipanga foleni. Tam naye alinyoosha shingo, akapewa matone mawili matatu ya mwisho. Ndama walimlamba masikio, naye akawavuta mikia. Hohepa akipita alicheka hadi akashika mbavu.

"Huyo amekwisha kupotea! Anajiona kulungu. Siku moja utaamka umkute ameota pembe."

Queenie naye hakumsahau mwanawe. Asubuhi nyingine alivuka kijito, akasimama nje ya uzio wa waya, akamnusa Tam kupitia matundu, kisha akarudi kwao kazini. Noeline alimzoea. Wakati mwingine alimtupia ganda la mkate.

Mambo yaliharibika siku ya maonyesho ya wilaya, katikati ya Januari. Noeline alikuwa amepeleka picha aliyoipiga mwenyewe: Tam amelala chali, tumbo wazi, Dot amemwekea kidevu kifuani. Asubuhi aliwapa ndama chupa zao, akamwambia Murdo atarudi kabla ya saa sita kuwapa za mchana.

"Nikuwekee maziwa tayari?" Murdo aliuliza. Alikuwa anaelekea shamba la juu kukata nyasi.

"Usiguse chupa zangu. Wewe utawapa maziwa ya kuunguza."

Picha ikashinda. Ikabandikwa utepe mwekundu, ikatundikwa mlangoni ambapo kila aingiaye aliiona. Watu wakamzunguka Noeline. Mwanamke mmoja wa gazeti akamuuliza siri yake ni nini. Akakatiwa keki ya tende, akamiminiwa chai, akaeleza. Saa sita ikapita akiwa anaeleza. Saa nane aliitazama saa yake, moyo ukamchoma kidogo, kisha akaja mtu mwingine kumpongeza. Alifika nyumbani jua likianza kushuka, na kabla hajazima gari alisikia sauti za ndama.

Walikuwa wamelia hadi sauti zimekauka. Noeline alikoroga maziwa upesi, hayakupata moto vizuri. Kwa huruma, na kwa kutaka kujifuta hatia haraka, akampa kila mmoja chupa mbili badala ya moja. Alijua haifai. Ndiyo kwanza tu alikuwa amemweleza mwanamke wa gazeti kwamba haifai. Dot ndiye aliyenyonya kwa pupa kuliko wote.

Asubuhi alimkuta amekufa kando ya uzio. Sikio moja limeraruka, shingoni kuna alama za meno. Tam alikuwa anazungukazunguka na kulialia. Na nje ya uzio, hatua mbili tu kutoka pale, alisimama Queenie.

Noeline hakumgusa Dot. Alikimbilia jikoni, akainua simu.

"Hohepa, mbwa wako ameniulia ndama."

Hohepa akauliza taratibu, "Mbwa gani?"

"Queenie. Lazima ameruka uzio."

"Una hakika, dada? Queenie?"

"Nimemwona kwa macho yangu! Amesimama juu yake."

Maneno hayo yalimtoka mdomoni mepesi kama pumzi. Alimsikia Hohepa akivuta hewa. Kule bondeni kila mtu aliijua sheria: mbwa akionja mfugo mara moja, mwenyewe humalizana naye kwa risasi kabla hajaombwa.

"Nimekusikia," Hohepa alisema. "Anarudi sasa hivi, namwona anapanda. Nisamehe, dada." Akakata simu.

Noeline akarudi nje na toroli kumzika Dot. Alipomwinua, akashtuka. Tumbo lilikuwa limekazika kama ngoma, na mdomoni kulikuwa na povu lililoganda. Alama za shingoni hazikuwa na damu, maana maiti haitoki damu. Akalishika lile sikio lililoraruka, kitu kigumu kikamchoma kidole. Kilikuwa kijino, chembamba kama punje ya mchele. Akamwita Tam, akamfungua mdomo. Fizi ya mbele ilikuwa na pengo jipya, jekundu. Kijibwa kilikuwa kimemvuta mwenzake sikio na shingo, kama kilivyofanya kila asubuhi, ili aamke wacheze.

Basi Noeline alijua. Hakuna mbwa aliyemuua Dot. Dot aliuawa na chupa mbili.

Aliingia ndani. Simu ilikuwa palepale mezani. Kwanza akanawa mikono. Akaikausha, kidole kimoja kimoja. Akajiuliza aanzeje. Hohepa, nimekosea. Halafu ataulizwa amekosea vipi, na mbona alisema amemwona kwa macho yake. Itabidi ataje chupa. Yule wa gazeti atasikia, shule itasikia. Akafuta meza ambayo haikuwa chafu. Akajaza birika, akaliweka motoni, akajiambia: maji yakichemka tu, napiga.

Maji hayakuwahi kuchemka. Mlio wa bunduki ulivuka kijito, ukagonga mlima, ukarudi.

Alasiri Hohepa alikuja kwa miguu. Kofia ilikuwa mkononi, na chini ya kwapa alibeba samaki mkubwa aina ya mkunga, aliyekaushwa kwa moshi, amefungwa kwenye gazeti.

"Nimekuja kuwaomba radhi," alisema. "Mbwa wangu, lawama yangu. Huyu mkunga si malipo ya ndama, najua. Ni wa kufutia machozi tu."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kwake kusema. Noeline aliutazama uso wa jirani yake, macho yamevimba, ndevu hazijanyolewa. Akanyoosha mikono, akampokea yule mkunga.

"Asante," alisema.

Murdo alikula usiku ule akasifu utamu wa samaki. Noeline alikaa na kipande chake kwenye sahani hadi mafuta yakaganda.

Majuma yaliyofuata yalikuwa marefu. Habari ilishaenea. Dukani watu walimpa pole, na kila pole ilimwingia kama mwiba. Mmoja akasema, "Kumbe Hohepa anafuga fisi." Mwingine akasema amemwita mtu mwingine wa kuswaga kulungu wake mwaka huu, maana mbwa wa Hohepa wote ni damu moja. Noeline alisimama akiwa na kikapu mkononi, uso umemwiva, akalipa, akatoka. Aliacha kupita barabara ya kijitoni. Utepe mwekundu aliusukumiza nyuma ya droo. Watoto wa shule walipoletwa, alisema anaumwa.

Mwezi wa Februari, Murdo alikuwa anakunywa chai mlangoni, akimtazama Tam akikimbizana na Maisie na Plum.

"Huyu mbwa anakua," alisema. "Nimekuwa nikiwaza, bibie. Mama yake alikuwa mwuaji. Damu ni damu. Afadhali nimalizane naye sasa kabla hajaleta msiba mwingine."

"Humgusi."

"Sipendi hata mimi. Lakini ukimlilia mbwa leo, kesho utamlilia Plum."

"Murdo, humgusi! Hakumuua. Wala Queenie hakumuua." Noeline alikaa chini kwenye ngazi. "Ni mimi."

Akamweleza yote: maonyesho, chupa mbili, tumbo, kijino, birika. Alieleza akitazama viatu vyake. Alipomaliza, Murdo alimwaga chai iliyobaki kwenye majani.

"Hohepa anajua?"

"Hajui."

"Sasa kwangu unatafuta nini?"

Noeline alivaa koti, akavuka kijito.

Hohepa alikuwa anashona ukanda wa ngozi kwenye banda lake. Mbwa watano walibweka, akawanyamazisha kwa mluzi. Noeline alikataa kiti. Alisema akiwa amesimama, bila kupamba, na alipofika kwenye neno "nilidanganya" sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi, ikabidi alirudie.

Hohepa aliendelea kuvuta uzi hadi ukaisha. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Ulijua saa ngapi?"

Angeweza kusema jioni. Angeweza kusema kesho yake. Nani angempinga?

"Kabla sijasikia bunduki," alisema. "Nilikuwa na simu mbele yangu. Nilikuwa nachemsha maji."

Hohepa aliuweka ukanda chini. "Nilipompigia mluzi alikuja mbio," alisema, kama anayeongea na ukuta. "Alidhani tunakwenda kazini. Aliruka mwenyewe nyuma ya gari."

Noeline akaanza kulia. Hohepa akainua mkono.

"Usinililie hapa, tafadhali. Sina nafasi ya machozi yako. Na usiniletee pesa wala mbwa." Akauokota tena ukanda. "Jina lake lilichafuliwa mbele za watu. Lisafishwe mbele za watu. Basi."

Alhamisi ya kwanza ya Machi wafugaji walikutana ukumbini kama kawaida. Walikuwa watu arobaini hivi. Hohepa alikaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango. Mwenyekiti alipouliza kama kuna la ziada, Noeline alisimama. Alikuwa ameandika kwenye karatasi, lakini akaikunja bila kuisoma.

"Queenie wa Hohepa hakuua ndama wangu," alisema. "Niliyemuua ni mimi. Nilichelewa kwenye maonyesho nikisifiwa, nikarudi nikampa maziwa kupita kiasi. Nikamwambia Hohepa nimemwona mbwa wake juu ya maiti. Sikumwona hivyo. Ni uongo. Niligundua kabla hajampiga risasi, na sikumpigia simu kwa sababu niliona aibu."

Kiti kimoja kililia sakafuni. Mtu akakohoa. Yule aliyesema habari ya fisi alikuwa anatazama magoti yake. Noeline alitegemea labda watamzomea, na ingekuwa nafuu. Hakuna aliyezomea. Walimtazama tu, watu waliomletea yatima wao miaka ishirini na mitatu, na yeye akabaki amesimama kwa sababu hakujua wakati wa kukaa ni upi. Murdo ndiye aliyemvuta mkono.

Alipogeuka kutazama nyuma, kiti cha Hohepa kilikuwa kitupu.

Majira ya majani kuanguka, kazi ya Hohepa ilirudi, na zaidi. Hata yule mwenye shamba aliyeita mtu mwingine alimfuata mwenyewe kumbembeleza. Maisie na Plum waliachishwa chupa, wakaingizwa kundini. Tam akabaki bila wenzake, akishinda amelala mlangoni mwa banda tupu.

Asubuhi moja ya Aprili Noeline alisikia mluzi barabarani. Hohepa alikuwa amesimama nje ya lango na mbwa wake watano.

"Huyo anahitaji kufundishwa," alisema, akimwonyesha Tam kwa kidevu. "Amefikia umri. Akikaa bure ataharibika."

"Mchukue, Hohepa. Awe wako kabisa."

"Nilikwambia sitaki mbwa. Nitamchukua asubuhi, nitamrudisha jioni."

Akafanya hivyo, siku baada ya siku. Jioni ya kwanza Noeline alitoa birika na vikombe viwili, akaviweka kwenye meza ya kibarazani. Hohepa alifungua lango, Tam akaingia, amechoka, ulimi nje, miguu imejaa tope.

"Ameanza kusikiliza," Hohepa alisema.

"Chai iko tayari."

"Asante. Nina safari."

Akafunga lango na kushuka kuelekea kijitoni. Noeline alimmiminia Tam maji, akakaa chini kumtoa miiba kwenye manyoya.