Kiberiti Kilichofungwa

Kiberiti kilikuwa kimefungwa.

Aliyejifunika blanketi atasema: basi kifungue. Mimi nilikuwa mlangoni mwa kibanda cha wawindaji ng'ambo ya mto Kolyma, dhoruba ya theluji ikinisukuma mgongoni, glavu zimeloa na kuganda kama mawe. Mjomba Gavrila alikuwa ameketi sakafuni, suruali yake ikigongana kama mbao kila alipotetemeka. Barafu ya mto ilikuwa imepasuka ikammeza hadi kiunoni, ikala na sleji yetu ya mizigo, na chakula, na viberiti vyetu vyote. Nilimvuta kwa mikono hii.

Kwetu huondoki kibandani kabla ya kupanga kuni kavu jikoni, na vibanzi vyembamba juu yake, na kiberiti nusu wazi, njiti tatu zimechomoza vichwa. Mwenye vidole vilivyokufa atazivuta kwa meno. Hata mwizi hufanya hivyo. Mimi nilifunzwa kwa makofi, na makofi yenyewe yalikuwa ya mjomba.

Jiko lilikuwa na majivu matupu.

"Mbwa gani huyu?" mjomba alifoka, meno yakigongana. "Spirya, mwanaharamu gani alilala hapa? Nikimjua namchuna ngozi!"

"Nyamaza mjomba, usijimalize pumzi."

"Ninyamaze nini! Mama yake alimzaa amelewa!"

Nilivua glavu. Nikakibana kiberiti kati ya viganja, nikakisukuma kwa kidevu, kikafyatuka, njiti zikamwagika kwenye theluji tuliyoingia nayo. Zilibaki mbili kavu. Na njiti mbili bila vibanzi ni sawa na kupiga chafya. Kisu changu kilikuwa mtoni. Nikapapasa chini ya ngozi ya kulalia, nikitafuta chochote cha kuungua, mkono ukagonga kitu kigumu.

Nilikijua kabla sijakitoa. Mpini wa pembe, ufa wake umefungwa kwa waya wa shaba. Kisu cha mjomba. Tangu Septemba alikuwa akitangaza kwamba nimekiuza kwa chupa ya pombe. Alisema mbele ya mke wangu. Alisema mbele ya wavuvi wote: "Mkifika kwa Spirya, hesabuni vijiko." Walicheka, nami nikacheka nao, kwa kuwa alikuwa mjomba.

Nilikishika kwa viganja viwili kama dubu, nikaanza kuchana ubao wa kitanda. Matusi yakakatika.

"Umekitoa wapi?"

"Pale ulipokiacha."

Upepo ulilia kwenye bomba la moshi. Baadaye sana akasema, akiutazama ukuta, "Meli ya mwisho kabla ya barafu ilikuwa imepiga honi. Ile ya pombe. Nilitoka mbio."

Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili niliibana kwa meno, nikaikwangua, ikaniunguza ndevu, lakini vibanzi vikashika.

Tangu hapo nimelala chini ya mapaa mengi, na kila mahali nimesikia watu wakisema hasira ni hasara. Waseme. Mkono wangu wa kulia una vidole vitatu; viwili vilikatwa na mganga wa kituo, wiki moja baada ya dhoruba ile. Mjomba alibaki na miguu yake yote miwili, akacheza kwenye harusi ya binti yangu mpaka sakafu ikalia. Na mpaka leo sijui kama siku ile alikuwa amesahau kweli, au alitukana kwa sauti ili nisimtazame usoni. Amekufa. Hakuna wa kumuuliza.

Tulichoma kitanda, tukachoma rafu, tukachoma meza. Siku ya nne upepo ulilala.

"Twende, Spirya," mjomba alisema, tayari ameshafungua mlango. "Twende kabla dhoruba haijarudi."

"Ngoja."

Nilichana mguu wa mwisho wa meza, nikaupanga jikoni, vibanzi juu. Njiti nilizookota sakafuni zilikuwa zimekauka kando ya jiko. Nikazirudisha kiberitini moja moja, kwa vidole vilivyokwisha kuwa vyeusi. Nikaacha tatu zimechomoza. Ziliniponyoka, nikaanza upya.

"Nikusaidie?" aliuliza.

"Simama hapo hapo, mjomba."

Nilifanya polepole. Nilitaka atazame.