Majani Arobaini ya Dhahabu

Jumatano saa nne asubuhi, katika chumba cha nyuma cha duka la keki, fundi alikuwa akimalizia jani la arobaini la keki ya harusi. Yalikuwa majani ya sukari iliyokandwa, yaliyokaushwa siku mbili. Kila moja alilipitishia mafuta kidogo ya kupikia, kisha akalipaka unga wa dhahabu, ule wa kuliwa, uliochanganywa na arki ya ndimu, ile kali ya spiriti. Maji hayakuruhusiwa hata kusogea, kwa sababu huyeyusha sukari na kuififisha dhahabu. Mwisho alilishika jani kwa kibanio juu ya mvuke wa birika kwa muda wa pumzi moja, pumzi yake mwenyewe, ameibana. Pumzi ya mtu mwingine haikufaa.

Lilipopoa aliinama kulikagua, akaona uso wake: kilemba, midomo iliyokazwa, doa la unga puani. Mwenye duka naye akaja akainama, na uso ukabaki ule ule wa fundi.

"Mbona mimi sijioni?"

"Labda kwa kuwa hukulipaka wewe, mama."

Mwenye duka aliona hilo linaingia akilini. Wateja walimwita Mama Keki, ingawa brashi aliishika mara moja tu, mbele ya wageni wa heshima. Siku hiyo alichanganya dhahabu na maji, na mawaridi ya sukari yakamchuruzikia viatuni.

"Na ile kadi?" fundi akauliza.

Miaka kumi na mmoja kadi kando ya kila keki ilisema: Kazi ya mikono ya Mama Keki. Safari hii, kwa kuwa harusi ilikuwa kubwa, fundi alikuwa ameahidiwa jina lake. Hakuomba kingine.

"Nimekumbuka, mwanangu. Iko kwa mchapaji."

Jumamosi, ukumbini, bibi harusi aliinamia keki ajipake upya rangi ya mdomo. "Huyu dada ana unga puani," akasema, akahamia jani jingine. "Na hapa yupo." Mjomba wa bwana harusi, mtu wa adabu zake, alimwamkia fundi jani kwa jani mpaka chakula chake kikapoa. Wageni walisema hawajapata kuona dhahabu iking'aa hivyo juu ya kitu cha kutafunwa.

Kisha wakasoma kadi. Ilisema: Kazi ya mikono ya Mama Keki. Wakautazama uso kwenye majani, wakamtazama Mama Keki, wakampa mkono Mama Keki.

Fundi aliyaona yote akiwa mlangoni mwa jiko, brashi ingali mkononi. Lilimuuma, tena sana. Lakini kila aliyeisogelea keki alilazimika kufinya macho kwa mng'ao, na fundi akajikuta amesimama wima, kifua mbele, kama aliyeitwa jukwaani.

Picha ilitoka gazetini: Mama Keki anatabasamu kando ya keki, na chini yake jina la Mama Keki. Mama mzazi wa fundi aliikata vizuri kwa mkasi, akaitundika sebuleni.

"Yeye mmoja, wewe arobaini," akasema. "Ila mwanangu, ungenawa uso."

Jumatatu simu ya dukani haikupumzika. Watu walitaka keki zenye yule dada. Mama Keki alipokea maagizo yote kwa furaha, akachapisha kadi mpya, kubwa zaidi, kwa herufi za dhahabu. Aliweka moja juu ya meza ya chumba cha nyuma.

Fundi aliisoma mpaka mwisho. Maneno yalikuwa yale yale. Akaenda kwenye karai akanawa uso, akajifuta pua mara mbili, akafunga kilemba kipya, akavaa hereni alizoazimwa na mama yake. Kisha akalishika jani la kwanza juu ya birika, akainua kidevu, akabana pumzi.