Damu ya Loy kwenye Daftari la Goretti

Tulikuwa tumeshapita Masaba, watatu juu ya pikipiki moja: Okia mwenye pikipiki mbele, Goretti katikati, mimi nyuma nimemshika kiuno asianguke. Goretti ni mtoto wa marehemu dada yangu. Macho yake yalikuwa manjano kama mafuta ya kupikia, na tangu asubuhi alikuwa ametapika mara nne. Okia akauliza kama tusimame apumzike. Nikamwambia aende tu. Jiwe la Tororo lilikuwa linaonekana, na chini yake, katika ofisi yenye kiyoyozi, kulikuwa na daktari niliyetaka kumwona uso kwa uso kabla mtoto wa dada yangu hajafa kwa kipimo sahihi.

Kipimo sahihi ni neno lao, si langu. Mimi nimezunguka sana. Nimemeza klorokwini Kisumu, nimedungwa sindano Mbale, nimelazwa Voi kwa homa ambayo hakuna aliyejua jina lake, na kote huko nimepewa vidonge vile vile wanavyopewa wote, mnene kwa mwembamba. Miezi minne nyuma watu wa utafiti walifika kwenye kituo chetu cha afya na hema jeupe, jenereta, na picha ya ngazi iliyosokotwa kama kamba ya kufungia ng'ombe. Wakasema ngazi hiyo imo ndani ya kila mtu. Daktari wao, Vincent, mwenye viatu visivyojua matope, akaeleza kwamba mwili wa mmoja huimaliza dawa upesi na wa mwingine huichelewesha, na huyo mchelewaji akipewa nyingi, inamharibia ini. Zamani, alisema, mlivalishwa wote shati moja. Sasa kila mgonjwa atashonewa lake. Watu wakapiga makofi. Mimi nikamwuliza fundi gani hushona shati bila kumtazama mvaaji. Akacheka, akasema, "Mzee, damu haidanganyi."

Goretti alikuwa ameanza vidonge vya kifua kikuu. Wakamwandika. Siku ya kutoa damu wakaiweka siku ya soko, maana kalenda yao ilichapwa mahali ambapo soko ni kila siku.

Sasa, kwetu Busia mpakani mtu hapangi foleni mwenyewe kama ana ndugu. Goretti akivuka upande wa Kenya kuchukua omena, wale dagaa wa ziwani, dada yake Loy humshikia nafasi: ya mbegu za serikali, ya chandarua, ya kumwona padri. Hospitali ndiyo rahisi kabisa. Mgonjwa hununua daftari la shule, anaandika jina juu, na daktari anaandika ndani. Mwenye daftari ndiye mgonjwa, na daftari halina picha. Basi Loy akabeba daftari la Goretti, akaitika "Goretti" alipoitwa, akatia dole gumba, akatoa chupa tatu za damu, akala biskuti, akanywa soda, akarudi kupalilia mihogo.

Nilikuwepo. Loy aliniuliza njiani kama haitaleta shida. Nikamjibu, "Mama mmoja, baba mmoja. Hiyo damu wataitofautishaje?" Nilisema hivyo kwa dharau, si kwa kujua. Nilijiona nimewapata wale wasomi.

Damu ikapanda ndege, jambo ambalo Loy mwenyewe hajawahi kufanya. Baada ya wiki tano jibu likarudi kwa barua, limeandikwa hadi nukta na tarakimu mbili mbele yake: Goretti anamaliza dawa upesi, aongezewe. Wakamwongezea.

Mwezi wa kwanza nyayo zikawaka moto. Wa pili akaacha kula. Adeke, nesi wa kituo, aliyezalisha nusu ya Masaba, alimtazama macho akataka vidonge visimame siku hiyo hiyo. Kwanza akapiga simu Tororo. Vincent akamwambia mashine ina uhakika wa asilimia tisini na tisa, na huenda mgonjwa anakunywa pombe ya kienyeji. Goretti ni mlokole, chai yenyewe anainywa kwa wasiwasi. Adeke akaendelea kumpa vidonge. Macho yake yalikuwa yameona vizuri, lakini barua ilikuwa na muhuri.

Asubuhi ile tunaondoka, Loy alinishika mkono wa shati. Aliogopa polisi, kwa sababu ya lile dole gumba. Akaniomba niseme Goretti anaumwa tu, nisiseme la damu. Nikamwahidi. Ahadi zangu nimeziacha miji mingi.

Ofisini Tororo, Vincent hakumtazama Goretti. Alitazama kompyuta.

"Huyu mama anamaliza dawa upesi," alisema. "Imeandikwa hapa, mzee."

"Mtazame macho."

"Macho ya manjano hata malaria huleta. Tutampima malaria."

Nilimwona anaandika karatasi ya kipimo cha malaria, na kwamba vidonge vitaendelea kama vilivyo. Goretti alikuwa ameegemea ukuta, viatu amevua kwa sababu nyayo hazivumilii kitu. Nikajua nikinyamaza nitarudi naye amefungwa kwenye mkeka.

"Damu ile si yake," nikasema. "Ni ya dada yake. Goretti alikuwa sokoni."

Akatabasamu kama mtu aliyeambiwa utani kwa lugha asiyoijua. Halafu tabasamu likaisha. Akauliza kama ni ndugu wa tumbo moja. Nikamwambia ni wa tumbo moja, baba mmoja. Akasema haisaidii, kila mtoto huchukua fungu lake kwa mama na kwa baba, dada wawili wanaweza kutofautiana kabisa.

Goretti akageuza kichwa taratibu. "Mjomba, nawe ulijua Loy amenitolea damu?"

"Nilikuwepo," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia haidhuru."

Akageukia ukuta. Vincent naye alikuwa hatusikii tena, anashusha orodha ya majina kwenye kioo cha kompyuta.

"Wengine wangapi wamefanya hivi?"

"Wangapi walikuja siku ya soko?"

Akaanza kuhesabu. Kweli kabisa, alianza kuhesabu. Goretti akainama akatapika kwenye ndoo ya takataka ya daktari.

"Kwanza huyu," nikamwambia. "Majina hayatapiki."

Ndipo akamwita nesi. Vidonge vilisimamishwa saa nane mchana.

Goretti alilazwa wiki sita. Ini lilipona. Alimalizia matibabu kwa kipimo cha zamani, lile shati la wote. Nyayo hazijarudi sawasawa, kwa hiyo anauza omena akiwa ameketi. Damu yake mwenyewe ilipimwa: ni ya wale wanaochelewesha. Loy hakukamatwa. Dada wale wanasalimiana kanisani, lakini kila mmoja sasa anapanga foleni yake. Adeke yuko kituoni, bado anasubiri barua ya Tororo kabla ya kuamini macho yake. Okia alibadilisha tairi la nyuma. Majina thelathini na moja yalifutwa kwenye utafiti, hema likahamishiwa wilaya nyingine, safari hii na mashine ya kusoma alama za vidole. Vincent alipandishwa cheo, akaenda Kampala. Mimi niko Malaba, nalala nyuma ya duka la matairi. Goretti hajaniita mjomba tangu siku ile.