Wote ni Nani?

Kabla jogoo hajawika nilisikia shoka likinolewa. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kwaru, kwaru, chuma juu ya kinoo, nje ya mlango wetu. Nilisikiliza nikijiuliza mtu anataka kukata mti gani gizani.

"Baba Yosefina," niliita, "unafanya nini?"

"Nanoa shoka."

"Hilo nasikia. La nini?"

Mume wangu Polikarpo alikuwa mtu mpole. Akiwa na jambo baya la kusema alitafuta kwanza namna ya kulisema bila kuniumiza, nami nilimpenda kwa hilo hata pale aliponichosha. Mwishowe akasema, "Tunavunja mitumbwi."

Niliketi kitandani.

Wakati ule hakuitwa Polikarpo. Ulikuwa mwaka wa vita vya Maji Maji, na majina haya ya ubatizo sote tuliyapata baadaye. Nayatumia kwa kuwa ndiyo wajukuu zangu wanayoyajua. Tuliishi kando ya mto Kilombero, upande wa Ifakara. Wanaume wetu walikuwa watu wa mitumbwi: walivua samaki, walivusha watu na mizigo, na kazi hiyo waliifanya pamoja wakiimba, wakicheka, wakigawana ugoro. Mama yangu mzazi aliishi ng'ambo, upande wa Ulanga. Na kwa mama yangu ndiko alikokuwa Yosefina, mtoto wangu wa kwanza. Nilikuwa nimempeleka aachishwe ziwa, kama ilivyo desturi yetu: mtoto hukaa na bibi yake, asimwone mama, mpaka asahau kunyonya. Sasa alikuwa amesahau, na mama alikuwa ametuma salamu kwamba nikamchukue.

"Na Yosefina?" niliuliza.

"Vita vikiisha tutachonga mtumbwi mwingine."

"Baba Yosefina, kuchonga mti mmoja kunakula mwaka mzima. Mtoto atakaa ng'ambo mwaka mzima, na vita vinakuja?"

"Wamesema tuvunje."

"Nani amesema?"

"Wote," akajibu, akaweka shoka begani.

Nataka nieleweke. Hasira ya wanaume wetu ilikuwa ya haki. Walichapwa viboko kwenye shamba la pamba la serikali mpaka migongo ikachanika, na mpunga wetu ukaliwa na ndege kwa sababu hakuna aliyebaki kuulinda. Mjumbe wa dawa alipokuja na maji yake, akasema risasi za Wadachi zitageuka maji, nani asingetamani kuamini? Wanaume walikunywa, Polikarpo naye akanywa, wala sikumlaumu. Lakini kuhusu mitumbwi nilimsikia mjumbe yule kwa masikio yangu. Alisema, "Askari wakifika mtoni, mitumbwi isionekane." Basi. Isionekane. Na sisi watu wa mto, nani asiyejua kuuficha mtumbwi? Kila kiangazi mtumbwi usiofanya kazi tunaujaza mawe na kuuzamisha kwenye maji mafupi, chini ya matete, ili jua lisiupasue. Ungeweza kusimama juu yake usiuone.

Nilimfuata Polikarpo hadi mtoni nikiwa bado najifunga kaniki. Kulikuwa kumepambazuka. Nilichokikuta sikukiamini. Mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani, na wanaume waliichanja kama kuni. Sebastiani, kiongozi wao, alikuwa amemaliza wake na anamsaidia jirani. Jasho linamtiririka, anaimba. Polikarpo hakunitazama. Alikwenda kwenye mtumbwi wetu, akafumba macho, akapiga.

Nilimwendea yule aliyekuwa karibu. "Nani amewaambia mvunje?"

"Raimundi ndiye alinipitia," akasema.

Nikamwendea Raimundi. "Wewe umeambiwa na nani?"

"Mimi? Nilimwona Viktor amebeba shoka, nikachukua langu."

Viktor akasema, "Nilisikia Sebastiani anavunja wake, nikajua kuna amri."

Nikamwendea Sebastiani. Alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, kwa hiyo nilipiga goti kidogo. "Baba, mjumbe wa dawa alikuagiza uvunje?"

Sebastiani akafuta jasho. "Mjumbe alisema isionekane."

"Sasa?"

"Wangu ulikuwa umeoza chini, mwanangu. Ulikuwa unavuja. Nikasema bora niupasue wote kuliko kujisumbua kuuzamisha."

"Na hawa wengine? Yao imeoza?"

Akageuka, akawatazama wenzake kama mtu anayewaona kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Hawa," akasema, "nilidhani na wao wana sababu zao."

Jamani! Nilishika kichwa. Wanaume wazima, mabingwa wa mto, kila mmoja amemtazama mwenzake, na huyo mwenzake alikuwa anamtazama mwingine, na wa mwisho kabisa alikuwa na mtumbwi mbovu. Mjukuu wangu Fridolin ni karani mjini, na juzi alinieleza kwamba ofisini kwao hakuna anayekula chakula cha mchana na mzee mmoja wa masijala. Nikamwuliza kisa. Akasema, "Bibi, sijui, nilikuta wote hawakai naye." Nilitamani kumpiga kofi, ila nampenda.

Ulibaki mtumbwi mmoja tu, wa Dionisi.

Dionisi alikuwa mtu mgumu, sitamsingizia utakatifu. Hakuimba wenzake walipoimba, kwa sababu alisema wimbo unafukuza samaki. Ukimwambia leo kuna joto, anakwambia jana lilikuwa kali zaidi. Asubuhi hiyo alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mtumbwi wake mpya wa mvule, shoka hana, anatafuna muwa.

"Dionisi, vunja!" Raimundi akapiga kelele.

"Kwa nini?"

"Sisi tumevunja!"

"Nimeona. Poleni."

"Wewe unajiona nani? Umekunywa dawa au hukunywa?"

"Nimekunywa, tena bakuli zima, chungu kama nyongo. Kuua mtumbwi hakukuwamo ndani ya bakuli." Akatema makapi ya muwa. "Nitauzamisha jioni. Nani kati yenu atauona?"

"Huyu anawangoja Wadachi awavushe!" Viktor akasema, na mara neno hilo likawa la kila mtu. Anawangoja Wadachi. Sikio halijalipokea vizuri, mdomo umeshalirudia. Wakamzunguka na mashoka yao. Niliwafahamu wote. Raimundi ndiye aliyenibebea maji nilipojifungua. Viktor alimchongea Yosefina mwanasesere wa mti. Mmoja mmoja walikuwa watu wema kabisa. Wakiwa kundi, sikumwona hata mmoja wao.

Nami niliona kwamba ule mvule ndio njia ya mwisho ya kumfikia mwanangu. Ukivunjwa, kilichobaki ni kuogelea na mamba. Sikufikiri sana. Nilipita katikati yao, nikapanda mtumbwini mwa Dionisi, nikaketi.

"Mama Yosefina, shuka," Polikarpo akasema kwa sauti ya chini. "Unaniaibisha."

"Sishuki."

"Mtoeni huyo!" mtu akasema.

Hakuna aliyesogea. Na hapa niseme habari ya miiko. Mjumbe aliwaambia waliokunywa dawa wasilale na wake zao mpaka vita viishe. Asubuhi yake mmoja akaongeza kwamba hata mkeka mmoja haufai. Kufika jioni wote walikuwa wakisema hata kumgusa mwanamke kwa kidole kunaua dawa, na tangu hapo walitupokea vyungu kwa kijiti, kana kwamba tuna ukoma. Nilikuwa nimekasirishwa sana na upuuzi huo. Asubuhi ile niliubariki.

"Mtoe wewe, Polikarpo, ni mkeo."

"Mimi nimekunywa."

"Sote tumekunywa!"

"Basi Sebastiani, wewe mkubwa."

"Nife kwa risasi kwa sababu ya mke wa mtu?"

Dionisi akaanza kucheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya siku ile. Alicheka mpaka muwa ukamwanguka.

Ndipo Sebastiani akawageukia wanawake waliokuwa wamekusanyika juu ya ukingo. "Balbina! Huyu ni mkamwana wako. Njoo umtoe."

Balbina, mama mkwe wangu, alikuwa mwanamke mwenye nguvu. Angeweza kunibeba na mtumbwi wenyewe. Tangu niolewe hakuwahi kunisifu kwa lolote, hata ugali wangu aliula akitazama pembeni. Sasa kijiji kizima kilimtazama, na mwanawe amesimama pale na aibu yake. Akashika kiuno.

"Mgongo unaniuma," akasema. "Tangu jana. Siwezi kuinua hata ungo."

Akawatazama wanawake wengine. Mmoja akasema naye ana goti bovu. Mwingine akakumbuka moto wake nyumbani. Balbina akaketi mchangani na mgongo wake usio na ugonjwa wowote, akanitazama bila kupepesa. Wema wa namna hiyo siusahau.

"Shemeji," Dionisi akaniambia, "nasikia mtoto wako yuko ng'ambo."

"Ndiyo, kaka."

"Basi shika kafi unisaidie. Mimi sikugusi, wewe usinisemeshe."

Akausukuma mtumbwi majini. Hakuna aliyetuzuia. Walisimama na mashoka yao, kila mmoja akingoja mwenziwe aanze.

Njia nzima alinung'unika. Kafi nalishika vibaya, napiga maji kama ninafua nguo, viboko watasikia. Lakini tulipofika kwenye mkondo mkali aliona kafi linanishinda, akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa wenzake, ule aliosema unafukuza samaki, ili nipate kufuata mapigo.

Yosefina nilimkuta uani kwa mama yangu, amekaa ndani ya ungo mtupu, mwenyewe mnene, mchafu, mzima. Hakunitambua mara moja. Alimkimbilia bibi yake, akanichungulia kutoka nyuma ya mguu, kisha akaja polepole akashika kaniki yangu. Sikuhitaji kingine.

Hatukuweza kurudi upesi, kwa sababu ya jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria sijui nicheke au nipige meza. Amri ilikuja kwamba watu wote wa upande wetu waende kushambulia boma la Mahenge. Na Mahenge iko ng'ambo. Watu wakajaa mtoni na mikuki na vikapu vya chakula, watu wa Michenga na wa vijiji vingine, na hapakuwa na hata ubao wa kuwavusha. Wakakaa wakitazama maji. Kisha, nasikia, wakaanza kumwita Dionisi, arudi na mtumbwi wake, kwa heshima zote.

Aliwavusha, wachache wachache, na mtumbwi haukupata nafasi ya kuturudisha sisi. "Nani aliwaambia mvunje?" alimwuliza kila aliyepanda, na kila aliyepanda alitazama maji. Kundi la Polikarpo lilikuwa la mwisho, kwa kuwa wageni walipewa nafasi ya kwanza. Lilipovuka, majeruhi wa kwanza walikuwa wameanza kurudi kutoka Mahenge. Risasi hazikugeuka maji. Nisieleze zaidi, waliokufa wana wenyewe.

Wenzake Polikarpo walisimama ufukweni. Mmoja akasema tusonge mbele, ndugu zetu wako huko, na wengine wakasema tusonge. Polikarpo naye alichukua mkuki. Kisha akamwona Viktor, aliyetangulia na Sebastiani na Raimundi kuwaonyesha wageni njia, analetwa juu ya machela ya matawi, na Dionisi peke yake anajaribu kumpakia mtumbwini. Mume wangu aliniambia kwamba alingoja kidogo aone nani atakwenda kusaidia. Hakwenda mtu. Akaweka mkuki chini, akashika kafi, peke yake, bila kumwuliza yeyote.

Walivusha majeruhi mpaka wakaisha. Sebastiani hakurudi. Raimundi hakurudi.

Ungedhani baada ya hapo watu walimpenda Dionisi. La. Vita vilipoisha, na askari walipokuwa wamechoma maghala, na njaa ikaja, watu walipomwona walikumbuka mitumbwi yao, na hilo halikuwapendeza. Wakasema ana kiburi. Wakasema hakuvunja wake, hatuko naye. Waliosema hivyo ni walewale aliowavusha wakivuja damu. Nilibishana nao kisimani mpaka sauti ikakauka. "Nani amesema?" niliuliza. Unajua walivyojibu.

Akahamia mbali kidogo, kwenye ukingo wenye matete, akajenga kibanda chake. Mimi na Polikarpo tulipopata mpunga kidogo tuliutwanga tukampelekea, na Yosefina tulikwenda naye, sasa anatembea njia nzima bila kubebwa. Mchele wetu, alisema, umetwangwa vibaya. Mtoto amekonda, tunamlisha nini? Polikarpo amekaa kwenye kigoda ambacho si cha kukaliwa. Yosefina hakumjali, alimpanda magotini akamvuta ndevu, naye akaendelea kutukosoa akiwa ameinamisha kichwa ili mtoto afikie vizuri.

Tulipoaga hakuinuka. Tulikuwa tumeshafika kwenye njia alipoita.

"Shemeji!"

Niligeuka. Alikuwa amesimama mlangoni, anatazama mto, si sisi.

"Huyo mtoto," akasema, "mje naye tena."